Maneno ya Karani wa Stoo Kabla ya Kukatwa Utepe

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Daktari Mkuu wa hospitali, viongozi wa dini, wazee wa Kaloleni na nyinyi nyote mliofika chini ya hema hili, hamjambo.

Mimi ni Mkamburi, karani wa stoo. Nimepewa nafasi ya kuwakaribisha. Nivumilieni.

Leo tunafungua kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa mahututi. Mashine iko tayari. Haya yaliyo mezani mbele yenu, yaliyofungwa utepe mwekundu kama keki ya harusi, ni maboksi ya katheta za muda: mipira myembamba inayoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni ili damu itoke, isafishwe, irudi mwilini. Bila mpira huo, mashine ni fanicha.

Namshukuru Bwana Dominic wa itifaki, aliyeipanga meza hii kwa ustadi mkubwa. Viti vina vitambaa, hata maua yamemwagiwa maji. Asubuhi muuguzi wetu wa wodi, Sista Gertrude, alikuja hapa mbio.

"Mkamburi, nipe boksi moja tu."

"Sista, tumeambiwa yasiguswe mpaka mgeni akate utepe."

"Kwani utepe ndio unasafisha damu?"

Bwana Dominic akanijibia: "Sista, boksi likitoka, picha zitakuwa na pengo."

Mheshimiwa, tumekusubiri tangu asubuhi, na sasa jua limeshaanza kushuka. Umefika, karibu sana. Lakini ratiba bado ina kwaya, ina ngoma, ina hotuba baada ya hotuba. Je, figo husubiri kwaya? Ndani ya jengo hili amelala Festus Kaloki, mkulima wa Kasigau, aliyeumwa na nyoka shambani, figo zake zikagoma. Daktari amesema hawezi kuhimili safari ya Mombasa. Mkewe, Mama Ndila, ndiye yule aliyeketi nyuma kabisa, na amempigia makofi kila mgeni aliyetambulishwa. Nani kati yetu angeweza?

Naiogopea kazi yangu, sifichi. Niliandika hotuba nyingine, tamu kuliko hii, na Bwana Dominic akaipitisha. Iko mfukoni.

Sista Gertrude, njoo mbele uchukue boksi. Mheshimiwa, utepe utaukata kwenye maboksi yaliyobaki. Bwana Dominic, tafadhali, kaa.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa mpisheni Sista apite.