Ovaroli Safi Kuliko Zote

Vuteni viti karibu, wanangu, na wewe Dereva zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja, sitaki kurudia kwa ajili ya mtu aliyekuwa anaongea na abiria. Msilie. Nimelala kwenye shuka safi, wanangu wote wawili wako mbele yangu, sasa nitake nini tena?

Nyumba ni yenu nusu kwa nusu. Vifaa vyangu mpeni yule fundi bomba jirani, amevimezea mate miaka mingi. Na msimamizi wetu wa karakana, niliyeapa sitakanyaga mazishi yake, nimemsamehe. Barakoa za kuzuia vumbi zililetwa kiwandani, katoni nzima, naye akazifungia stoo zisichafuke kabla wakaguzi hawajaziona. Wakaguzi wakaja, wakaandika kwamba barakoa zipo, na kweli zilikuwepo. Baadaye kifua kikambana yeye kama kilivyonibana mimi, tukawa tunakutana kwenye benchi moja hospitali. Mtu wa namna hiyo huwezi kuendelea kumchukia. Unachoka.

Sasa lile nililowaitia. Kazi yetu ilikuwa kuvisha mabomba ya mvuke yasipoteze joto: unamwaga unga wa asbesto kwenye ndoo, unatia maji, unaukanda kwa mikono, unapaka. Vumbi lake halikuwa na harufu wala halikuwasha koo, ndiyo maana tuliliamini. Na kiwanda, kwa kupenda usafi, kikaanzisha zawadi ya kila mwezi kwa mwenye ovaroli safi kuliko zote. Nilishinda mara saba. Lakini mshindi alikuwa wewe, Mwalimu, binti yangu, ukiwa na miaka tisa, ukiitundika ovaroli yangu kwenye kamba na kuichapa kwa fimbo mpaka ua mzima unakuwa mweupe, nami nimekaa kibarazani nakuambia, "Chapa na mgongoni." Hilo ndilo lililonikaa kooni miaka yote hii, si kohozi.

Daktari alinieleza kwamba nyuzi zake hazionekani kwa macho, zikishaingia pafuni hazitoki, na zinaweza kukaa kimya miaka thelathini, arobaini, ndipo zilete makovu au saratani. Unasema wewe hukohoi. Mimi nilistaafu bila kukohoa.

Nilikwenda ofisi ya fidia kukuandikisha. Karani akataka tarehe na saa niliyoanza kuvuta vumbi. Nikaandika saa mbili asubuhi, baada ya kengele. Kisha akasema fomu ni ya wafanyakazi, aliyevutia vumbi nyumbani hana kisanduku chake. Nikarudi kesho yake na vyeti vyangu saba, muhuri na sahihi ya meneja, kila kimoja kikimpongeza mshindi "pamoja na binti yake anayeikung'uta ovaroli kila jioni." Alivisoma vyote, akaingia ndani, akatoka na mkubwa wake, na mkubwa akachukua rula akachora kisanduku. Nilicheka njia nzima. Wajane wanne wa wenzangu, waliofua zile nguo, wameshaandikwa humo, na chama chetu cha wastaafu kina mwanasheria asiyetoza kitu. Msimwachilie.

Mwalimu, Jumatatu una miadi ya eksirei ya kifua. Dereva, utampeleka wewe, usimshushe getini, msubiri, nawe upigwe picha hiyohiyo, ulikuwa unacheza palepale. Na hizo sigara acha, kwa kifua kilichokula vumbi lile ni hatari juu ya hatari.

Mwalimu, najua unaogopa karatasi itakayotoka mle. Ikitoka safi, furahi. Isipotoka safi, watakufuatilia mapema, si kama mimi niliyekwenda ugonjwa ukiwa umeshahamia vyumba vyote. Utakwenda? Sema, nisikie.

Amesema, "Nitakwenda, baba." Dereva, wewe shahidi.

Basi nimeridhika, wanangu. Mungu awape pumzi ndefu, muimalize taratibu... kwa kubishana mambo madogo madogo... na kwa kucheka. Niinulieni mto kidogo. Hivyo. Hapo hapo. Endeleeni kuongea nyinyi... mimi nasikiliza.