Mbuzi Kwenye Mlima Uliofungwa

Tangu basi litoke Kondoa, Jaha alijifanya amelala, kumbe masikio yote ameyatega kwa wanawake wawili wa kiti cha mbele.

"Da Mwajabu, hakuna aliyewaona mbuzi wako, ukaenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji kujishtaki?" Hamida alimaka. "Umerogwa?"

"Walipanda mlima tulioufunga. Mkutanoni nilinyoosha mkono tusichunge pale, mvua isije ikatusombea mashamba."

"Ukaadhibiwa kubeba mawe ya kujengea zahanati siku tatu, na kiuno hicho!"

"Nimeyabeba. Amri za marehemu mume wangu nilizitii miaka thelathini bila kuulizwa. Hii niliulizwa, nikakubali. Nikiikwepa, nimelikimbia neno langu."

"Uhuru gani huo wa kujifunga kamba mwenyewe?"

"Huo huo. Mwingine sijawahi kupewa."

Jaha alimwonea wivu Mwajabu. Yeye kazi yake kule Mtumba, kwenye ofisi za serikali, ni kuandika kanuni za vijiji asivyovijua, na katika miaka kumi na moja ya vikao, mkono wake haujawahi kunyooka kabla ya mkono wa bosi. Akamtafutia yule mama kasoro, akaangalia hadi kandambili zake zilizoshonwa kwa uzi. Akazionea wivu nazo.

Basi likasimama stendi ya Dodoma, wanawake wakashuka wangali wanabishana. Simu ya Jaha ikaita. Alipoona jina, akakaa wima.

"Ndiyo, bosi," akasema, kabla hajaulizwa kitu.