Tata Mulumba na Kioo cha Marubani

Mwandishi wa wasifu huu ni mi, Mechack Ngoy, na kabla hamujaendelea mujue bahati yenu: kuanzia bwawa la Nzilo mpaka kituo cha reli cha Mutshatsha hakuna kalamu inayoifikia yangu. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa la kunifundisha. Ndege zenyewe zikinisikia nakohoa, zinanyoosha mabawa.

Sasa tuje kwa mwenye sherehe. Tata Mulumba Lucien anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na moja katika kampuni yetu ndogo ya ndege hapa Kolwezi. Alianza kwa kufagia njia ya kutua na kufukuza mbuzi. Siku hizo, moshi ukizidi, chombo cha kumsaidia rubani kutua kilikuwa ni yeye mwenyewe, amesimama mwanzo wa njia akipunga shuka jeupe. Mama Simone, mke wake, bado anauliza shuka lile lilikwenda wapi.

Akapanda cheo, akawa fundi. Miaka sita iliyopita kampuni ikanunua ndege iliyotumika Ulaya, na ndani yake mlikuwa na kile kioo cha marubani. Kwa wasiokijua: ni kioo chembamba kinachokaa mbele ya uso wa rubani. Juu yake inachorwa mistari ya kijani inayoonyesha upeo wa macho, mwendo wa ndege, na mahali njia ya kutua ilipo hata kama moshi umeifunika. Rubani hana haja ya kuinama kusoma saa zake za vipimo na kuinuka tena kama kuku anayekunywa maji. Anatazama mbele tu, mpaka magurudumu yaguse.

Siku ya uzinduzi Directeur Stany aliketi kwenye kiti cha rubani, akavaa miwani ya jua, akauliza, "Na hii televisheni inashika chaîne gani?" Tata Mulumba akajibu bila kucheka: "Moja tu, patron. Ile ya kufika." Directeur akaagiza iandikwe kwenye ripoti kwamba ufundi umeeleweka ngazi zote.

Kazi ngumu ilikuwa vumbi. Vumbi la mgodi ule unaoitwa Mashamba halijui kioo cha nani, kwa hiyo kila mara kilibidi kifunguliwe, kisafishwe, kisha kinyooshwe upya ili mistari yake ilenge sawasawa. Kifaa rasmi cha kukinyooshea kimekuwa kikifika "wiki ijayo" kwa miaka sita. Tata Mulumba hakungoja. Alichukua pipa, akalipaka rangi nyeupe, akalisimamisha juu ya kilima cha mabaki ya mgodi, mbele ya uwanja. Ndege inawekwa juu ya alama alizochora chini. Yeye anaketi, anafumba jicho moja, anazungusha skrubu mpaka msalaba wa kijani ukae katikati ya pipa. Mi ndiye nashika ngazi, kazi nyeti ambayo wengi wameiota. Nikimpa ushauri wa bure ananijibu, "We Mechack, kinywa yako ingekuwa na mabawa, tungeuzisha ndege."

Kwa pipa hilo marubani walitua miaka sita, msimu wa moshi na msimu wa mvua, bila hata kukwaruza tairi. Wageni waliokuja kukagua walilipiga picha. Mmoja aliuliza limetengenezwa nchi gani.

Mwezi wa tisa mwaka huu, watu wakichoma majani ya mashamba, Commandant Huguette Mbuyu alikuwa analeta abiria kumi na mmoja. Moshi ulikuwa mzito. Akafuata mistari ya kioo kama siku zote, na alipotoka kwenye moshi, chini kabisa, sote tukamsikia kwenye redio: "Tata Mulumba! Kioo inanionyesha njia, mi naona majani!" Njia ilikuwa upande wake wa kulia. Akavuta ndege juu, akazunguka, akarudi kwa macho yake mwenyewe na kutua salama. Abbé mmoja aliyekuwemo alianza sala kwa Kifaransa akaimaliza kwa Kiluba.

Tume ikaundwa. Mabwana watatu wakaketi mchana mmoja, wakala kuku, wakaamua kwamba macho ya Tata Mulumba yamezeeka. Walimbandikia herufi ukutani. Akazisoma zote, akasoma na jina la mtengenezaji kule chini. Wakasema amekariri. Ndiyo maana anaondoka miaka miwili kabla ya wakati, na ndiyo maana kurugenzi iliniagiza niandike hapa kwamba anastaafu "kwa sababu ya macho".

Kibaya ni kwamba mwenyewe ameanza kuwaamini. Amegawa baiskeli yake. Barabarani anamshika Mama Simone mkono na kuuliza kama gari liko mbali.

Tata, kwa niaba ya wote tunakushukuru, na tunakuombea miaka mingi, afya, na usingizi usiokatizwa na redio.

Lakini "kwa sababu ya macho" siandiki. Siku chache kabla ya safari ile ya Commandant, dada yangu Laurentine aliolewa, na nyumbani hatukuwa na chombo cha kutosha cha maji ya wageni. Jumamosi nilipanda kilimani nikashusha pipa. Jumapili nikalirudisha, nikakuta bacreuseur, wale wachimbaji wa mkono, wamechimba shimo pale pale lilipokaa. Nikalisimamisha hatua kumi na tano kushoto, nikaona linapendeza. Jumatatu ukaketi, ukafumba jicho moja, ukaweka msalaba katikati ya pipa, na mistari yote ikahamia kushoto pamoja nalo. Mi nilikuwa chini yako nimeshika ngazi, nikanyamaza. Mbele ya tume, mi mwenye kinywa hiki, nikanyamaza tena.

Ulilenga sawasawa, Tata. Aliyehamisha pipa ni mi.