Swali Ambalo Daktari Hakumuuliza Shemeji Yake

Ndugu wafiwa, majirani na wote mlioacha kazi zenu kuja kumzika baba yetu, mimi ni kifungua mimba wake, na historia hii aliiandika mwenyewe akiwa kitandani, akajiita marehemu kabla ya wakati, akatuapisha tuisome yote bila kuruka mstari, nasi tulimbishia sana, kwa kuwa maiti husitiriwa, lakini mliomjua mnajua kwamba baba akishasema amesema.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi hadi 1965, sekondari ya bweni hadi 1971, kisha chuo cha udaktari, alikohitimu tarehe 4 Desemba 1977 akiwa na mwandiko ambao hakuna mfamasia aliyewahi kuusoma bila kumpigia simu. Aliajiriwa kliniki ya ngozi, chumba namba sita, chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka, akadumu humo miaka thelathini na minne, wagonjwa wakimwita Bwana Mikono, maana kabla ya kugusa kidonda aliuliza kwanza mikono hiyo hushika nini kutwa nzima.

Tarehe 20 Agosti 1979 alifunga ndoa na mama yetu, karani wa posta, wakajaliwa watoto watatu, na nyumbani walikaa pia bibi yetu mzaa mama, pamoja na mdogo wake mama, ambaye sisi tunamwita mama mdogo.

Februari 1994 mama mdogo, akiwa na miaka ishirini na sita, mpokea wageni wa ofisi ya bima, mzima wa afya asiyejua kulazwa, alitokwa na kijipu kwenye kidole cha mkono wa kulia, kikafuata kingine, na kingine, vikapanda kwa mstari mmoja hadi karibu na kiwiko, haviumi sana, wala havikauki. Marehemu alimtibu pale pale sebuleni, kikombe cha chai mkononi, kwa dawa ya fangasi, kisha dawa ya majipu, na zote zilipogonga mwamba alikata kipande kidogo cha nyama ya kidonda, akakitazama kwa darubini, akaona vijidudu vyembamba vyekundu kama vile vya ukoma, akaamua ni ukoma, na lile swali lake hakuuliza, kwa kuwa aliona mtu wa nyumbani haulizwi anafanya kazi gani.

Alimnong'oneza mama, mama akamnong'oneza bibi, na kabla ya wiki kwisha minong'ono ikafika kwa wakwe watarajiwa wa mama mdogo, wakavunja uchumba kwa barua ya mistari miwili, harusi ikiwa imebakiza siku arobaini. Bibi akamtengea bintiye kikombe na sahani, na marehemu, ambaye kila Jumatano aliwafundisha wagonjwa kwamba ukoma unatibika na si aibu ya mtu, aliona kikombe kile juu ya kabati akanyamaza.

Juni mwaka huo marehemu akiwa likizo, daktari kijana aliyemshikia zamu alimuuliza mama mdogo, "Dada, mikono yako huwa unaitumbukiza wapi?" naye akajibu, "Kwenye tangi la samaki pale mapokezi, kila Ijumaa nalisugua mimi, nani mwingine atalisugua?" Kikakatwa kipande kingine cha nyama, maabara wakakiotesha mahali pa baridi kuliko kawaida yao, na baada ya wiki tatu akaonekana bakteria adimu wa majini, mwenye undugu na yule wa kifua kikuu, asiyeambukiza mtu kwa mtu, na dawa za miezi minne zikamponya.

Bibi alimshukuru marehemu mbele ya ukoo mzima kwa kumponya bintiye ukoma, kwa kuwa faili lilikuwa na jina lake yeye kama daktari, naye akaitikia, "Asante, mama," na mama mdogo aliposema kwamba haukuwa ukoma hata siku moja, watu walimgeukia daktari, naye akatazama viatu vyake. Bibi alifariki tarehe 9 Septemba 2003, bado akimtengea bintiye kikombe.

Marehemu aliugua figo tangu Oktoba 2021, na Machi mwaka huu wa 2023 alimwita mama mdogo akamwomba radhi, akajibiwa, "Shemeji, mimi nilishakusamehe zamani, ila ungesema mama akiwa hai." Aliomba karatasi akaanza kuandika haya, na tarehe 17 Mei, saa nne asubuhi, mstari huu nauongeza mimi, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotuazima viti na sufuria, na wenzake wa chumba namba sita. Na wewe mama mdogo, uliyekaa kule nyuma, baba anasema hivi mbele ya watu wote: haukuwa ukoma, ulisema kweli, mimi ndiye niliyenyamaza.

Umesema, baba, umechelewa, pumzika kwa amani.