Mkono Uliorudi Kifuani

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya sufuria, msogee karibu na redio. Leo ni tarehe kumi ya mwezi wa Muharram, siku ya Ashura. Na leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikono.

Mama Mikono alitutoka mwezi uliopita. Hii ni Ashura ya kwanza bila yeye.

Nina wageni wawili studioni. Mmoja ni binti yake, fundi cherehani kama mama. Binti huyu ni kiziwi tangu kuzaliwa. Mwingine ni mdogo wake wa kiume, anayetutafsiria. Walipoketi, dada alisema jambo kwa mikono, wakacheka wote wawili. Nikauliza, mbona mnanicheka?

"Anasema," kijana akajibu, "kumwita kiziwi redioni ni kama kumzawadia kipara kitana."

Nikacheka na mimi. Lakini wamekuja na jambo zito. Alasiri hii kina mama watakusanyika ukumbini kama kila mwaka. Kiti cha Mama Mikono kiko wazi. Nani atakikalia? Binti ameombwa yeye. Hajakubali.

Wasikilizaji wapendwa, kwa asiyejua, Ashura ni nini? Mwaka wa sitini na moja wa Hijra, mahali paitwapo Karbala, aliuawa Hussein, mjukuu wa Mtume. Yazid, mtawala wa wakati ule, alitaka Hussein ampe mkono, yaani ale kiapo cha kumtii. Hussein aliuona ule utawala kuwa ni dhuluma. Hakutoa mkono. Nalirudia, maana hadithi yetu yote imesimama hapo: hakutoa mkono. Wakazingirwa, yeye na jamaa zake na wenzake wachache. Wakazuiwa maji ya mto. Watoto wakalia kiu. Siku ya kumi wakauawa. Waislamu wengi hufunga siku hii. Waislamu wa Kishia huvaa nyeusi, hukusanyika, husimuliwa upya kisa kile, na hulia.

Mama Mikono alikuwa akilia kila mwaka. Mwaka mmoja binti yake, angali mdogo, alimvuta mkono wa nguo akamwuliza kwa ishara za nyumbani: nani kakupiga?

Mama alitafuta ishara ya kumjibu. Alikuwa na ishara za kula, kulala na kuoga. Hakuwa na ishara ya dhuluma. Hakuwa na ishara ya Hussein.

"Mama aliumia," anasema kijana. "Alisema, mwanangu ananiona nalia na hajui nalia nini. Huo nao ni msiba."

Basi akajifunza. Hakwenda darasani. Alikuwa anafika mapema kumchukua mtoto shuleni, akakaa uani na sare za kutia vifungo, akiwatazama viziwi wadogo wakigombana. Ugomvi, alisema, hufundisha lugha upesi kuliko mwalimu. Ndiyo maana kwa miaka alijua matusi mengi kuliko salamu.

Jina la Hussein alilipata kwa binti mwenyewe. Mtoto aliuliza, huyo mtu alifanya nini? Mama akajibu, walitaka mkono wake, akawanyima. Mtoto akafikiri. Akanyoosha mkono kama anayesalimia, kisha akaurudisha taratibu, akauweka kifuani. Likawa ndilo jina.

Mwaka uliofuata, Mama Mikono alikwenda ukumbini na kiti chake. Ukumbi wa kina mama uko ghorofani. Msomaji hukaa chini, upande wa wanaume, na sauti yake hupanda kwa spika iliyofungwa juu ya mlango. Mama akaweka kiti chini ya spika, akageukia watu, akaanza kumtafsiria binti yake kwa ishara.

Mwenyekiti wa kina mama, bibi wa miwani na neno la mwisho, akamfuata.

"Mwanangu, watu wanatazama mikono yako badala ya kusikiliza."

"Si wafumbe macho, bi mkubwa."

"Una mdomo wewe. Sogea nyuma huko, karibu na ngazi. Haya, tupeane mkono yaishe."

Mama Mikono aliunyoosha mkono. Kisha akaurudisha, akauweka kifuani. "Nyuma mikono haionekani," akasema, na akaendelea.

"Bi mkubwa alidhani anaombwa radhi," anasema binti, na mdogo wake anatafsiri huku anatabasamu. "Mimi peke yangu nilijua kajibiwa nini."

Tusimlaumu bi mkubwa. Alikuwa na chumba kilichojaa, watoto wanakimbia, na alitaka utulivu. Hata hivyo kiti hakikuondoka. Viziwi wengine wakaja: muuza mboga, msusi, mama wa mapacha. Wakapata safu yao mbele.

Katika kisa hiki yumo Abbas, ndugu yake Hussein. Alikwenda mtoni kuwaletea watoto maji, akakatwa mikono yote miwili. Mama Mikono akifika hapo, alishusha mikono yake, akailaza mapajani. Safu nzima ya viziwi ilielewa.

Sasa sikilizeni. Miaka mingi baadaye, Ashura moja, spika ilikatika. Ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Fundi akaitwa, hakuonekana. Chumba kizima kikabaki bila kisa. Isipokuwa safu ya mbele. Kule mikono iliendelea, na watu wakaendelea kulia. Mama Mikono hakuihitaji spika. Kisa alikijua.

Ndipo sauti ikasikika kutoka nyuma. Ilikuwa inasoma mikono ile kwa maneno. "Amefika mtoni. Amejaza kiriba. Hakunywa." Watu wakageuka. Alikuwa bi mkubwa.

Baadaye Mama Mikono alimwuliza, "Kumbe ulikuwa unanitazama miaka yote?"

"Ulikaa mbele yangu," bi mkubwa akajibu. "Ulitaka nifumbe macho?"

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ndiyo fahari ya mtaa ule. Hakuna aliyesoma chuo. Fundi cherehani aliukataa mkono wa kumaliza mambo, na chumba kizima kikajifunza kusikia kwa macho.

Nimemwuliza binti, basi unaogopa nini? Amejibu polepole. "Mama alisikia spika. Mimi sisikii. Nitajuaje msomaji amefika wapi?"

Kabla sijasema neno, kijana ametoa simu. Bi mkubwa amejirekodi kwa video. Ni mzee sasa, vidole vyake vimepinda. Haongei. Anasema kwa mikono, na mdogo mtu ananisomea: "Nitakaa mbele yako. Nitakuambia mimi. Njoo, mwanangu."

Binti ameitazama video ile. Ameitazama tena. Kisha ameomba waondoke mapema, kiti kisije kikachukuliwa na mtu.

Kwa familia ya Mama Mikono, kwa safu ya mbele, na kwa bi mkubwa, tunatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nanyi mnaosikiliza, leo mtafakari: ni nani nyumbani kwenu anayewaona mnalia na hajui mnalia nini?

Binti yuko mlangoni. Mimi sijui lugha yake, isipokuwa jina moja. Nimenyoosha mkono, nimeurudisha, nimeuweka kifuani. Ameelewa. Amenijibu hivyo hivyo.