Ngalula na Maji Yenye Kulia

Bandugu, barafiki, na ninyi bote mulioacha kazi zenu kuja kwenye kilio hiki, mimi ni Chancelvie, mudogo wa marehemu, familia imenituma nibasomee maisha ya yaya Ngalula Constance, dada yangu mukubwa, na mutanisamehe sauti ikikatika, maana ni yeye alinifundisha kusoma.

Yaya alizaliwa hapa Lubumbashi, katika Kamalondo, tarehe 14 mwezi wa tatu mwaka 1981, binti wa kwanza wa baba Pierre, muntu wa Kasai aliyefanya kazi ya reli mpaka Sakania, na wa mama Christiane, mwenye kukaa hapa mbele yenu. Alisoma palepale Kamalondo, akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 1999, na mwaka 2005 akamaliza chimie, masomo ya kemia, kwenye université, siku ile baba alicheza mpaka kiatu kikamutoka.

Mwaka 2006 aliingia katika labo ya hospitali moja ya muji huu, na tarehe 16 mwezi wa nane mwaka 2008 alifunga ndoa na shemeji Lucien, mutoto wa reli kama yeye, Mungu akabapa Abigaïl na Hénoc.

Ni kule labo alipata wazo lililomunyima usingizi: dawa tunayomeza haiishi yote mwilini, inatoka na mukojo, inafuata mufereji, inaingia katika kijito ambako bamama banamwagilia mboga ya lengalenga, ile ile tunayonunua jioni. Basi akatengeneza mashine uani, pompe yenye kusukuma maji katika bomba lenye koo nyembamba, pale maji yanazaa vipovu vidogo sana, vinapasuka kwa nguvu na kuvunja ile dawa vipande-vipande. Jina lake ni cavitation, lakini sisi tuliiita kelele, maana maji yalilia kama changarawe ndani ya sufuria, tukamuomba aizime tusikie télé. Aa, leo ningeitupa télé hiyo inje ili niyasikie tena.

Haikumaliza dawa yote, mwenyewe alisema hivyo, lakini alitamani sana siku moja aone mufereji wa hospitali unapita katika mashine yake, na hamu ile ameenda nayo.

Mwezi wa pili mwaka 2024 ilionekana kansa ya titi, akaanza dawa kali, na hapo akatushangaza bote, akakataa mukojo wake uende kwa bamama ba lengalenga, akatuamuru tuuchanganye na maji mengi katika bidoni, zile dumu za plastiki, tuupitishe katika mashine. Siku moja kundi la maombi lilikuja kumuombea, likakuta bidoni nyeupe tuliyoisahau karibu na mulango, likazani ni maji yaliyobarikiwa, likanyunyizia kitanda, kuta, na vichwa vyao vyote. Mama Kiki, mukubwa wa kundi, iko hapa, ananiangalia vibaya, lakini yaya alicheka mpaka machozi, akasema hata hivi kuna bantu bameamini maji yake.

Alituacha siku ya ine, alhamisi, tarehe 5 mwezi wa sita mwaka 2025, saa kumi na moja alfajiri, mukono wake katika mukono wa Lucien.

Tunamushukuru docteur Sylvain na bauguzi bote, majirani baliovumilia kelele yetu, benzake ba labo baliomupimia maji mpaka mwisho, na Mama Kiki na kundi lake, kweli bila kucheka.

Inabaki bidoni moja ya maji yake uani, ya mwisho, na tangu siku ile Lucien hakutaka muntu aiguse, anasema ikiisha ile, hakuna tena kitu cha yaya cha kufanyia kazi. Shemeji, sisi pia tunaogopa kuiona tupu. Lakini asubuhi hii amekubali mwenyewe tuipitishe katika mashine, basi tukitoka makaburini, wakati munanawa mikono kwetu, mutasikia maji yanalia uani, na hakuna atakayeomba yazimwe.

Yaya, pumzika kwa amani, pompe tutaiwasha sisi.