Mchi wa Tangawizi Mgongoni mwa Jackton

Benchi letu hapa Shauri Moyo lina ujuzi wa kila kitu isipokuwa kazi. Asubuhi hiyo Kahin, muuza kahawa, alikuwa ameshatujazia kahawa yake ya tangawizi: Mzee Ondiek, ndiye Injinia wetu, aliyestaafu reli; Bwire, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kufagia kliniki; na mimi. Mwenzetu Jackton akafika akijikokota, barua ya hospitali mkononi. Mwaka juzi alitibiwa saratani ya tezi dume. Sasa mgongo unamuuma, na saa nne alitakiwa akapigwe picha ya mifupa yote, ionekane kama ugonjwa umefika huko.

— Picha tena? Injinia akadakia. Si eksirei ilisema uko fiti?

— Wanasema eksirei inaweza kukosa kuona mapema, Jackton akajibu. Hii wanakudunga dawa ya miale kidogo, unangoja masaa kadhaa ishike mifupa, ndio mashine isome.

— Miale! Daktari akaruka. Budaa, utarudi ukiwaka kama taa ya mulika mwizi. Mama watoto atalala aje na hiyo taa?

Tulicheka mpaka Kahin akacheka.

— Na hiyo picha wanaweka, Daktari akaendelea. Ni ramani yako. Siku wakitaka kukuibia mfupa, wanajua mlango.

— Wacha ujinga, Bwire, Injinia akasema. Reli tulipima magurudumu miaka thelathini bila picha. Unagonga nyundo, unasikiza. Gurudumu zima linaimba, lenye ufa linakohoa. Jackton, inama.

Nyundo hatukuwa nayo. Kahin akatoa mchi wa kutwangia tangawizi. Injinia akagonga kuanzia shingoni, sikio ametega, uso kama wa jaji. Alipofika karibu na kiuno, Jackton akapiga yowe.

— Mzima! Injinia akatangaza. Mifupa yote inaimba. Kaa, kunywa kahawa, achana na hao.

Jackton akakaa, akatabasamu kwa nafuu, barua akaiweka chini ya kikombe.

Kando alisimama Nthoki, mama wa mitumba wa Gikomba. Hatukuwa tumewahi kumwona hapo; jina tulilijua baadaye.

— Samahani mzee, akamwambia Injinia. Umegonga mgongo wote. Mbona amelia hapo tu?

Injinia akautazama mchi. Daktari akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Jackton alitutazama mmoja mmoja, akamalizia na mimi, niliyecheka kuliko wote. Aibu ilinishika. Akaichomoa barua, sasa ina duara la kahawa, akainuka kwa shida. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Nthoki ndiye aliyemshika mkono kuvuka barabara, kuelekea hospitali.